Utalii wa ndege wakati wa baridi huko Extremadura

Utalii wa ndege wakati wa baridi huko Extremadura ni safari zinazofanywa hasa kati ya Novemba na Februari katika malisho, mashamba na mabwawa ya Extremadura, jimbo linalojitawala magharibi mwa Hispania. Wageni huja kutazama ndege waliokimbia baridi kali ya kaskazini mwa Ulaya, pamoja na wale wanaoishi huko mwaka mzima. Ndege anayevuta watu wengi zaidi ni korongo wa Ulaya (jina la kisayansi: Grus grus), ambaye katika baadhi ya miaka idadi yake jimboni imepita 100,000.

Kwa Kiswahili jina "korongo" hutumika kwa familia mbili tofauti za ndege. Katika makala hii "korongo wa Ulaya" ni ndege wa familia Gruidae, yaani jamaa wa korongo taji anayeonekana kwenye bendera ya Uganda. "Korongo mweupe" (Ciconia ciconia) ni wa familia Ciconiidae. Wote wawili wanapatikana Extremadura, na hawafanani sana kwa tabia.

Mahali na hali ya hewa

Extremadura imepakana na Ureno upande wa magharibi. Ina mikoa miwili, Cáceres kaskazini na Badajoz kusini, na mji mkuu wake ni Mérida, ulioanzishwa na Waroma mwaka 25 KK. Eneo lake ni km² 41,634, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Uswisi au Uholanzi, lakini wakazi wake ni milioni moja na kidogo tu. Mito miwili mikubwa, Tajo na Guadiana, inapita humo kuelekea Ureno.

Uchache wa watu ndio sababu ya kwanza ya wingi wa ndege. Extremadura kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa majimbo maskini zaidi ya Hispania, na vijana wake wengi walihamia Madrid, Barcelona, Ujerumani na Uswisi katika karne ya 20. Ardhi ilibaki mikononi mwa wafugaji wa kondoo, ng'ombe na nguruwe, na sehemu kubwa haikulimwa kwa mashine. Kile ambacho wenyeji walikiona kama kubaki nyuma, leo hii kinaletea nyumba za wageni wateja katika miezi ambayo zamani zilifungwa.

Majira ya baridi huko si makali. Mchana wa Desemba na Januari joto huwa takriban sentigredi 10 hadi 15, na usiku hushuka karibu na sifuri. Ukungu mzito hulala katika bonde la Guadiana asubuhi na wakati mwingine hautoki kabla ya saa sita mchana. Jambo la kushangaza kwa mgeni ni rangi ya nchi. Wakati wa kiangazi nyanda za Extremadura ni kavu na zina rangi ya hudhurungi, lakini mvua za vuli huotesha majani mapya, kwa hiyo Januari ndio mwezi ambapo malisho ni ya kijani.

Malisho ya mialoni

Mandhari ya pekee ya Extremadura huitwa kwa Kihispania dehesa. Ni malisho yenye miti iliyotawanyika, hasa mwaloni wa kijani kibichi (Quercus ilex) na mwaloni wa gome (Quercus suber), ambao gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Jimbo lina zaidi ya hekta milioni moja za malisho ya aina hii. Si msitu wa asili, wala si shamba: ni msitu uliopunguzwa na watu kwa karne nyingi ili jua lifike chini na majani yaote, huku miti ikiachwa kwa ajili ya kivuli, kuni, gome na mbegu.

Mbegu za mwaloni ndizo kiini cha mfumo huu. Huanza kuanguka Oktoba na huendelea hadi Januari au Februari. Nguruwe weusi wa Kiiberia huachiwa wazurure chini ya miti na kunenepa kwa mbegu hizo kabla ya kuchinjwa, na nyama yao iliyokaushwa kwa chumvi ni bidhaa ghali inayojulikana duniani. Korongo wa Ulaya hula mbegu zilezile. Mtalii anaweza kuona nguruwe na korongo wakitafuta chakula chini ya mti mmoja, bila kujaliana sana.

Ndani ya miti hiyo kuna pia kunguru mdogo mwenye mabawa na mkia wa buluu, Cyanopica cooki, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Rasi ya Iberia. Huenda kwa makundi yenye kelele na huonekana kwa urahisi hata kando ya barabara. Hudihudi, ambaye sehemu nyingi za Ulaya huja wakati wa joto tu, hapa hukaa mwaka mzima.

Korongo wa Ulaya

Korongo wa Ulaya ni ndege mrefu, hadi mita 1.2, na mabawa yake yakifunguliwa hufikia mita 2.2 au zaidi. Rangi yake ni kijivu, na shingo ina nyeusi na nyeupe, pamoja na doa jekundu utosini. Huzaa katika vinamasi vya Skandinavia, Ufini, nchi za Baltiki, Urusi, Ujerumani na Polandi. Wale wanaokuja Hispania hufuata njia ya magharibi: huvuka Ujerumani na Ufaransa, hupita milima ya Pirenei, kisha wengi hupumzika kwenye ziwa la chumvi la Gallocanta huko Aragón. Kutoka hapo sehemu kubwa huendelea kusini-magharibi hadi Extremadura, ambako hufika mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Huanza kuondoka Februari.

Maisha yao ya kila siku yana ratiba, na ratiba hiyo ndiyo inayopanga siku ya mtalii. Usiku korongo hulala wamesimama ndani ya maji ya kina kifupi, kando ya bwawa au katika mashamba ya mpunga yaliyofurika, kwa sababu mbweha hawezi kuwafikia bila kusikika. Alfajiri huruka kwa makundi kwenda kula. Jioni, jua likitua, hurudi kwa mistari mirefu angani, kundi baada ya kundi, na kurudi huko huweza kuchukua zaidi ya saa moja. Sauti yao husikika kilomita kadhaa. Koo la hewa la ndege huyu ni refu kuliko shingo yake na limejikunja ndani ya mfupa wa kidari, na ndilo linalotoa mlio huo mkubwa kama tarumbeta.

Familia hazivunjiki wakati wa baridi. Wazazi wawili hutembea na kinda mmoja au wawili, ambao hutambulika kwa kichwa cha kahawia kisicho na nyeusi na nyeupe. Katika malisho ya mialoni baadhi ya jozi hurudi mahali palepale kila mwaka na kuwafukuza wengine. Katika mashamba ya wazi, kinyume chake, hukusanyika kwa maelfu. Mtazamaji mwenye subira anaweza kuhesabu makinda katika makundi na kukadiria kama majira ya kuzaa kaskazini yalikuwa mazuri. Wanasayansi hufanya hivyohivyo.

Idadi ya korongo hawa imeongezeka sana tangu miaka ya 1980. Sababu ni kadhaa. Walikatazwa kuwindwa, vinamasi vingi vya kaskazini vilipewa ulinzi, na kilimo cha mahindi kiliwapa chakula kingi kipya. Leo hii zaidi ya 200,000 hupitisha baridi nchini Hispania.

Mpunga na mabwawa

Inafaa kueleza jambo moja ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka: sehemu kubwa ya ndege wa maji wa Extremadura wanakaa katika mazingira yaliyotengenezwa na watu, na si zamani. Mwaka 1952, wakati wa utawala wa Francisco Franco, serikali ilianzisha Mpango wa Badajoz. Mabwawa makubwa yalijengwa kwenye mto Guadiana, mifereji ikachimbwa, na vijiji vipya vikaanzishwa kwa ajili ya wakulima waliopewa viwanja. Nyanda kavu zikawa mashamba ya mahindi, nyanya na mpunga. Hispania haikuwa na ziwa kubwa la asili katika eneo hilo, na sasa ndege wakapata maji mahali ambapo hayakuwepo.

Eneo bora ni Vegas Altas, yaani sehemu ya juu ya bonde la Guadiana, karibu na miji ya Navalvillar de Pela na Madrigalejo. Baada ya mavuno ya Oktoba mashamba hubaki na punje za mpunga na mahindi zilizodondoka. Korongo, bata na bata bukini huzila wakati wote wa baridi. Bwawa la Orellana, lililo karibu, limeorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar tangu 1993. Bwawa la Sierra Brava hupokea bata kwa makumi ya maelfu, ambao hulala humo mchana na kwenda mashambani usiku.

Katika hifadhi ndogo ya Moheda Alta, karibu na Navalvillar de Pela, serikali ya jimbo huandaa tamasha la korongo, na watoto wa shule huletwa kuwatazama.

Nyanda za wazi

Mbali na mialoni na mpunga kuna nyanda zisizo na mti hata mmoja, kama vile zile za Cáceres na Trujillo upande wa kaskazini na La Serena upande wa kusini. Humo kondoo hulisha na ngano au shayiri hupandwa kwa zamu, shamba likipumzishwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa macho ya haraka hakuna kitu. Mtu asiye na darubini huweza kupita huko kwa gari na kusema hakuona ndege.

Ndege mashuhuri wa nyanda hizi ni tandawala mkubwa (Otis tarda). Dume huweza kupita kilogramu 15, na kwa hiyo ni miongoni mwa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka. Zaidi ya nusu ya tandawala wakubwa wote waliobaki duniani wako Hispania. Waliwindwa hadi mwaka 1980, uwindaji ulipopigwa marufuku. Wakati wa baridi madume na majike hukaa katika makundi tofauti, na kwa kuwa majani bado ni mafupi huonekana vizuri kuliko majira mengine. Maonyesho ya madume ya kutafuta wapenzi huja Machi na Aprili, kwa hiyo mgeni wa Januari huyakosa.

Firigogo wa aina mbili (Pterocles alchata na Pterocles orientalis) huishi humo pia. Ni wagumu kuonekana wakiwa chini, kwa sababu rangi yao inafanana na udongo. Kwa kawaida husikika kwanza wakiwa angani. Kutoka kaskazini huja makundi makubwa ya Vanellus vanellus, ambaye Wahispania humwita avefría, yaani "ndege baridi", kwa kuwa wingi wake huongezeka kila baridi inapozidi Ufaransa na Ujerumani. Mwewe wekundu (Milvus milvus) kutoka Ulaya ya Kati hujiunga na wale wa hapohapo, na jioni hukusanyika kulala pamoja kwenye miti michache.

Monfragüe

Monfragüe ni hifadhi ya taifa katika mkoa wa Cáceres, mahali ambapo mto Tajo unakutana na mto Tiétar kati ya miamba. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 2007. Tangu 1979 ilikuwa tayari hifadhi ya ngazi ya chini. Ilinusurika kwa shida. Katika miaka ya 1970 miteremko yake ilianza kufyekwa na kupandwa mikalitusi kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Mtaalamu wa viumbe Jesús Garzón na wenzake walifanya kampeni ya kupinga, na hatimaye upandaji ulisimamishwa. Mikalitusi mingi imeng'olewa baadaye.

Tumbusi ndio wenyeji wakuu. Kwenye jabali la Peña Falcón, mkabala na mahali pa kutazamia panapoitwa Salto del Gitano, tumbusi wa Ulaya (Gyps fulvus) hukaa kwa makumi na huanza kujenga viota Desemba na kutaga Januari. Kwa hiyo baridi, ambayo kwa ndege wengi ni wakati wa kuvumilia tu, kwao ni mwanzo wa uzazi. Tumbusi mweusi (Aegypius monachus) hujenga juu ya miti, na kundi la Monfragüe, lenye jozi zaidi ya 300, ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani.

Tai wa Iberia (Aquila adalberti), anayepatikana Hispania na Ureno tu, pia huzaa humo. Katika miaka ya 1960 zilibaki takriban jozi 30 tu. Sumu, bunduki na nyaya za umeme zilimmaliza, na maradhi ya sungura yalimwondolea chakula. Nguzo za umeme zilipobadilishwa na sumu kuanza kufuatiliwa, alirudi polepole, na sensa ya 2022 ilihesabu jozi zaidi ya 800 katika nchi hizo mbili.

Katika kijiji cha Villarreal de San Carlos, ndani ya hifadhi, hufanyika kila mwaka maonyesho ya kimataifa ya utalii wa ndege, kwa kawaida mwishoni mwa baridi.

Jinsi safari inavyokuwa

Wageni wengi wa kigeni hutua Madrid na kukodi gari. Trujillo iko takriban km 250 kutoka huko kwa barabara kuu ya A-5. Hulala katika nyumba za wageni za vijijini, ambazo nyingi zilikuwa nyumba za wakulima. Mchana wa Desemba una saa tisa na nusu tu hivi, kwa hiyo siku moja hutosha kwa eneo moja, pengine mawili. Kawaida ni alfajiri kwenye bwawa, adhuhuri kwa tumbusi, wakati hewa imepata joto na wanaanza kuelea juu, na jioni tena kwa korongo.

Darubini ya mkono inatosha kwa malisho na Monfragüe. Kwa nyanda za wazi inahitajika darubini kubwa ya miguu mitatu, kwa sababu tandawala hawakubali kukaribiwa na ni vibaya kujaribu: ndege anayelazimishwa kuruka mara kwa mara wakati wa baridi hupoteza nguvu anazohitaji. Gari lenyewe ni kibanda kizuri cha kujificha, kwani ndege huogopa zaidi umbo la mtu anayetembea. Karibu ardhi yote ni mali ya watu binafsi na imezungushiwa uzio au kuta za mawe, na watalii hubaki kwenye barabara na njia za umma. Mwishoni mwa juma, hadi Januari au Februari, kuna pia wawindaji wa kware na sungura.

Matatizo

Mazingira haya yote yanategemea kilimo cha namna fulani, na kilimo hicho kinabadilika. Mialoni inazeeka. Katika malisho mengi mifugo hula miche yote, na miti mikubwa inauawa na ugonjwa wa mizizi unaosababishwa na Phytophthora cinnamomi. Wahispania huuita la seca, yaani "ukavu". Mti uliokufa huchukua miaka mingi kabla ya mwingine kutoa mbegu za kutosha.

Kwenye nyanda za wazi mashamba ya ngano yanageuzwa kuwa mizeituni na milozi ya kumwagiliwa. Tandawala mdogo (Tetrax tetrax) ndiye aliyeumia zaidi: sensa za kitaifa za 2005 na 2016 zinaonyesha kwamba idadi yake wakati wa uzazi ilipungua takriban nusu. Tandawala na korongo pia hugonga nyaya za umeme, kwa kuwa macho yao yako kando ya kichwa na wakiinamisha kichwa wakiwa angani hawaoni kilicho mbele.

Mitambo ya umeme wa jua imeongeza ubishi mpya. Extremadura ina jua na ardhi ya bei nafuu, na mtambo wa Francisco Pizarro karibu na Trujillo, uliofunguliwa 2022, una uwezo wa megawati 590. Vijiji vyenye wakazi wachache hupata kodi na kazi wakati wa ujenzi. Watetezi wa ndege hawapingi umeme wa jua wenyewe, bali kuwekwa kwake kwenye nyanda ambako tandawala na firigogo hawana pengine pa kwenda.

Tumbusi nao walipita katika taabu. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, sheria za Ulaya ziliwalazimisha wafugaji kuondoa mizoga yote mashambani, na ndege waliokuwa wakiila kwa karne nyingi wakabaki na njaa hadi sheria zilipolegezwa mwaka 2011. Mwaka 2013 Hispania iliruhusu dawa ya mifugo diklofenaki, ileile iliyoangamiza mamilioni ya tumbusi huko Uhindi.

Ukame ni tatizo jingine. Mpunga unahitaji maji mengi, na katika miaka ya mvua haba, kama 2022 na 2023, wakulima wa Guadiana walipanda mpunga kidogo sana. Pasipo mpunga hakuna punje zilizodondoka. Wakati huohuo baridi ya kaskazini inapungua, na korongo wengi zaidi wanabaki Ufaransa na hata Ujerumani badala ya kusafiri hadi Extremadura.

Uhusiano na Afrika

Msemo wa zamani wa Kihispania husema kwamba korongo mweupe huonekana siku ya Mtakatifu Blas, yaani 3 Februari, akirudi kutoka Afrika. Siku hizi wengi hawaendi tena. Hupitisha baridi Hispania wakila takataka majalalani na kamba wekundu wa Kimarekani walioenea katika mashamba ya mpunga, na kwenye miamba ya Los Barruecos, karibu na Malpartida de Cáceres, huonekana kwenye viota mapema Januari. Korongo weupe wa Ulaya ya Mashariki, wanaopita Israeli na Misri, bado hufika Kenya na Tanzania.

Kuna pia anayesafiri upande wa pili. Tumbusi wa Rüppell (Gyps rueppelli), ndege wa Sahel na Afrika ya Mashariki anayejulikana Serengeti, ameonekana Hispania tangu miaka ya 1990, pamoja na Monfragüe. Inadhaniwa kwamba hufuatana na tumbusi wa Ulaya vijana wanaporudi kutoka kusini mwa Sahara na kuvuka mlangobahari wa Gibraltar. Watazamaji wa Salto del Gitano humtafuta kati ya mamia ya jamaa zake wa Ulaya kwa kuangalia mdomo wa njano na manyoya yenye magamba meupe.